Land Rover 109 Pikapu: Injini Badili Ukitaka, Ila Grainda Ikae Mbali na Chasisi

Mada ya pikapu za zamani, ziachwe orijino au zifanyiwe mambo, kila ikiibuka gereji inagawa watu pande mbili na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Upande mmoja wapo wanaotaka gari irudi kama ilivyoshushwa melini, rangi ileile, kabureta ileile, wakiona nati ya milimita mahali palipokuwa na nati ya inchi wanakunja uso. Upande wa pili wapo wanaosema gari yangu, hela yangu, nikitaka injini ya lori nitaweka, nikitaka matairi ya trekta nitaweka, we inakuuma nini. Mimi nimekaa na hizi gari muda mrefu, hasa Land Rover 109 pikapu, na msimamo wangu nausema mapema. Chochote kilichofungwa kwa bolti kifungue, badilisha, weka kingine, hiyo ni haki yako na mara nyingi ni lazima. Ila chasisi, na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva, hivyo havikatwi. Havikatwi ili injini iingie, havikatwi ili tairi kubwa lizunguke, havikatwi kwa sababu umeona picha mtandaoni ukaipenda.

Naongelea 109 kwa sababu ndiyo naijua, na kwa sababu huku kaskazini, Arusha, Longido, Simanjiro, Mererani mpaka Loliondo, ndiyo pikapu iliyobeba kila kitu. Imebeba mbuzi wa mnada, mahindi, saruji, wachimbaji, kina mama wanaotoka hospitali, wanafunzi wanaorudi shule, wote humohumo nyuma na wengine juu ya keria. Sio kitu cha makumbusho hiki, mpaka leo ziko zinazoamka alfajiri zinaenda kazini. Kwa hiyo mtu akija na maneno ya "usiguse chochote" anaongea na mwenye gari ambaye kesho ana mzigo wa kupeleka, na huyo mwenye gari hana namna ya kumwelewa.

Tuanze na gari yenyewe. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, na bodi yake ilikuwa ya aluminiamu sababu baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, aluminiamu ndiyo ilikuwa inapatikana. Hiyo shida ya mgao ndiyo imetuachia hizi gari mpaka leo maana bodi haiozi kirahisi, kinachooza ni chuma kilichoko chini yake. 109 ni inchi, umbali kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Matoleo yake yanaitwa Series: Series II ilitoka 1958, IIA 1961, Series III 1971 na ikaendelea mpaka 1985. Ukitaka kuzitofautisha kwa haraka angalia taa: IIA za mwanzo taa ziko ndani karibu na grili, mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamia kwenye madigadi, halafu Series III ikaja na grili ya plastiki na geji zikahamia mbele ya dereva badala ya kukaa katikati ya dashi. Injini tunayoikuta sana ni ile ya silinda nne, sisi 2,286, ya petroli au ya dizeli. Ya petroli inatoa farasi sabini na kitu, ya dizeli sitini na mbili hivi. Kidogo sana kwa gari ya kubeba tani, ila ilipigiwa hesabu hivyo na kila kitu kilicho nyuma yake kilipigiwa hesabu hiyohiyo.

Na hapa ndipo wale wa orijino tupu wanapokosea kwa upande wao. Hakuna 109 moja iliyokaa bila kuguswa, hata kiwanda chenyewe hakikuiacha. Walibadilisha gia boksi, Series III ikapata sinkro gia zote nne za mbele wakati matoleo yaliyoitangulia namba moja na mbili ulikuwa unazitafuta kwa sikio na mguu. Mwaka 1980 wakaibadilisha krankshafti kutoka kushikwa na bearing tatu kwenda tano. Kuna 109 zilizotoka kiwandani na injini ya silinda sita ya lita 2.6. Mwaka 1979 wakaweka V8 ya lita 3.5. Na kule Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Land Rover zilikuwa zinauzwa na dizeli ya Isuzu, 4BD1 ya lita 3.9, halali kabisa, na kitabu chake na warranti yake. Kwa hiyo ukimwona fundi wa Unga Limited pale Arusha anaingiza Isuzu kwenye Land Rover usimwambie anatukana mababu, wenye gari wenyewe walishafanya.

Ila angalieni walivyofanya, maana hili watu wengi wanaliruka na ndilo lenye somo lote. Walipoweka ile V8 mwaka 1979 hawakuchukua injini wakaitupia tu ndani. Gia boksi ya zamani waliitoa, wakaweka ile ya Range Rover ambayo fowili yake inafanya kazi muda wote, ili nguvu igawanyike ekseli zote mbili isielemee ya nyuma peke yake. Radieta na grili wakavisogeza mbele mpaka vikawa sawa na madigadi, ukiiona tu unaijua kwa uso wake bapa. Na juu ya yote hayo, injini yenyewe wakaipunguza nguvu, wakaibana mpaka farasi 91, injini ambayo kwenye Range Rover ilikuwa inatoa nyingi zaidi ya hizo. Watu wenye kiwanda, wenye mainjinia, wenye uwanja wa kujaribia, bado waliogopa kuipa hii gari farasi zaidi ya 91. Halafu sisi tunaweka injini ya silinda sita ya lita 4.2 kwa siku tatu, chini ya mwembe, bila kugusa breki.

Nieleze ninachokiona kwenye hizi gereji maana ndicho kinachoniuma. Inaletwa 109, injini imechoka, inakula oili, mwenye gari amepata 1HZ ya Toyota kutoka kwenye Land Cruiser iliyopinduka. 1HZ ni injini nzuri sana, sina neno nayo, inakwenda kilometa nyingi mpaka unaisahau. Lakini ni ndefu, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, na chumba cha 109 ya kawaida kilitengenezwa kwa nne. Fundi anainingʼiniza kwa mnyororo, inashuka, inagoma. Anaangalia mbele, anaangalia nyuma, anasema, "Bosi, hapa tukila sentimita sita tu inazama." Na bosi, ambaye ana haraka na ameshalipa nusu, anasema kula. Nyundo ya kilo nne inapigwa kwenye ule ukuta mpaka mguu wa dereva unakosa pa kukaa, halafu mbele msalaba wa chasisi unakatwa ili feni na radieta vipate nafasi, wanachomelea kipande cha angle bar cha kupachika, wanapiga rangi nyeusi juu, kwisha.

Wiki ya kwanza gari inapaa. Kuna mlima ulikuwa unaupanda na gia namba mbili, sasa unaupanda na tatu huku unaongea na simu. Halafu hesabu inaanza kudai. Ile petroli ya zamani ilikuwa inavuta kama nyutonimita 168, hii inavuta kama 280. Gia boksi ni ileile, shafti za ekseli ni zilezile, kama gari yako ina difu ya Rover nyuma na sio ile kubwa ya Salisbury basi shafti ya nyuma itakatika, na itakatika ukiwa umebeba, ukiwa kwenye mlima, maana ndipo nguvu inapohitajika. Na difu za Series zina uwiano wa 4.7, yaani propela shafti inayoingia kwenye difu inazunguka mara karibu tano gurudumu linazunguka mara moja, kwa hiyo hata na hiyo 1HZ kwenye lami mwendo haupatikani, ukilazimisha 110 unaisikia injini inalia na bado breki ni dramu magurudumu yote manne. Hapo ndipo watu wanapokufa. Breki za dramu zikipata joto kwenye mteremko mrefu zinalegea, na zilipigiwa hesabu ya gari ya farasi sabini inayotembea kilometa themanini kwa saa.

Sasa hiyo ni hatari ya barabarani. Kuna jingine ambalo mwenye gari halioni siku hiyo, analiona miaka mbele. Namba ya chasisi ya hizi Series imegongwa kwenye chuma cha chasisi mbele upande wa kulia, pale springi ya mbele inapopachikwa. Nenda na brashi ya waya na mafuta ya taa, sugua taratibu, utaiona, herufi ndogondogo zilizogongwa kwa mkono hazijakaa hata mstari mmoja. Ni eneo hilohilo ambalo mafundi wanapenda kulikata au kulichomelea wanapoingiza injini ndefu, wanapofunga winchi, wanapobadilisha bampa kuwa ya bomba. Grainda ikipita pale mara mbili namba imekwenda, na kadi ya gari yako imeandikwa namba hiyo. Ukija kuuza, mnunuzi akisugua asikute kitu, hiyo gari kwake ni ya wizi mpaka uthibitishe vinginevyo, na utathibitisha na nini? Kile kibati cha dashi kinatoka kwa skrubu, kila mtu anajua hilo.

Na injini nayo, kadi yetu inabeba namba ya injini, kwa hiyo ukibadili nenda ukabadilishe na kadi, na risiti ya injini uliyonunua itunze. Watu wanaona ni usumbufu halafu siku trafiki anafungua boneti analinganisha, ndio wanaanza kupiga simu kwa fundi ambaye namba yake haipatikani.

Basi je, nasema watu wabaki na petroli ya 2.25, yaani ile ya sisi 2,286? Hapana, na hapa siko na wale wa orijino hata kidogo. Ile injini kwa mzigo inakwenda kilometa tano au sita kwa lita. Kwa mtu anayetoka Arusha kwenda Loliondo na kurudi, na bei za petroli tulizonazo, hiyo ni kumwambia apaki gari. Pikapu inayoegeshwa kwa sababu haijilipi hailindwi na mtu, itakaa uani, kuku watatagia kwenye siti, mwisho watakuja watu wa chuma chakavu na mizani yao. Mimi nimeona chasisi nzima nzuri inakatwa vipande kupandishwa kwenye lori la skrepa sababu tu injini ilikufa na mwenye gari hakupata ya kuweka. Kwa hiyo dizeli za Nissan, za Toyota, za Isuzu zilizowekwa kwenye hizi gari zimeziokoa nyingi kuliko wapenda orijino wote waliowahi kuzungumzia jambo hili, na mafundi waliofanya hiyo kazi vizuri wanastahili heshima.

Ninachosema ni chagua injini inayokubaliana na gari. Ya silinda nne. TD27 ya Nissan, 2L au 3L ya Toyota, zinaingia kwenye hicho chumba bila kumpiga mtu nyundo, unatengeneza adapta ya kuunganisha na gia boksi, unatengeneza mauntingi ambazo zinafungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyopo, na nguvu zake hazipishani mno na kile gia boksi ilichozoea. Na kama una hela kidogo zaidi na subira, mimi ningetafuta 200Tdi ya Land Rover yenyewe. Ile ni ukoo mmoja na ile 2.25, inakaa kwenye bell housing, ile nyumba ya klachi, ya gia boksi ya Series bila adapta, ni tabo na ina intakula, inatoa farasi zaidi ya mia moja. Ile iliyotoka kwenye Defender ndiyo rahisi, ya Discovery tabo yake imekaa pabaya itabidi ubadilishe manifodi. Mvuto wake ni mkubwa kuliko wa zamani, huo ni ukweli, kwa hiyo mguu wako uwe mwepesi, klachi uiachie kistaarabu, na usijifanye umenunua gari mpya. Lakini siku mjukuu wako akisema anataka kuirudisha ilivyokuwa, anafungua bolti, anatoa, anarudisha. Gari haijapoteza kitu.

Breki badilisha bila kuuliza mtu. Servo, mfumo wa mafuta wa njia mbili ili bomba moja likipasuka usibaki huna kitu, na diski za mbele kama unazipata. Dainamo ya IIA toa weka alteneta. Taa weka za haloji na rilei yake ili swichi ya miaka ile isiungue. Mikanda weka, na ukifunga mkanda hakikisha umefunga kwenye chuma, sio kwenye aluminiamu ya bodi ambayo itachanika kama karatasi. Mtu akikukuta na orodha hiyo akakwambia umeharibu gari, mwache tu.

Springi nazo ni habari ndefu kidogo. Kuna watu wanaagiza springi za parabolic, zile za majani machache, gari inakuwa laini kweli, mgongo unapona. Kwa anayetembea mwenyewe na mkewe ni nzuri. Kwa anayebeba hapana, au aagize za mzigo mzito kabisa. Huku kwetu tumezoea kuongeza jani, na hilo ndilo linafanya pikapu tupu irukeruke kama mbuzi kwenye rafu, ila ikipata magunia inatulia. Ni kazi yake ndiyo imeamua.

Matairi, hapa sina upole. 109 ilitoka na 7.50-16, tairi jembamba refu. Vijana wanalidharau, wanataka inchi 35 pana, na ili lizunguke wanakata madigadi kwa mkasi wa bati na wanainua gari kwa vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Lile tairi jembamba sio ushamba wa zamani. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha, tairi jembamba linachimba linashuka mpaka linakuta ardhi ngumu, pana linaelea juu ya tope linajipaka linageuka mpira laini usio na meno. Kwenye mchanga mkavu sawa, pana lililopunguzwa upepo lina faida, sibishi. Lakini wangapi wetu tunaishi kwenye mchanga? Na 35 kwa difu zilezile na shafti zilezile maana yake kila gurudumu ni zito zaidi na mkono wake wa kuvunja ni mrefu zaidi, usukani ambao hauna pawa unageuka mazoezi ya kubeba vyuma, na spidomita inakudanganya, inakwambia 80 wakati uko karibu 90, na hizo breki nimeshazisema.

Halafu kuna zile rangi na taa za LED mstari mzima juu ya kibini, snoko kwenye gari ambayo haijawahi kuvuka hata mto wa msimu. Hizo siwezi kusema zinaua gari maana nyingi ni bolti tu, zinatoka. Simpendi anayefanya lakini sina kesi naye.

Kesi nyingine kubwa ninayo na wale wa upande wa orijino, wanaorudisha gari kuwa mpya. Hii nayo imeanza kushika kasi, hasa tangu watu wa nje waanze kuzitafuta. Marekani gari ikishafika miaka 25 inaingia bila kubanwa na masharti mengi ya usalama na moshi, na mnunuzi wa kule anataka chasisi isiyokatwa na namba zinazosoma. Kwa hiyo sasa kuna gereji zinachukua pikapu iliyofanya kazi Simanjiro miaka arobaini, wanaivua mpaka mifupa, wanapiga rangi ya kijani ya kwenye katalogi, wanatupa kila kilichoongezwa, inatoka pale inangʼaa haina hata mkwaruzo. Na mtu anaita hiyo orijino. Mimi nilisimama kwenye moja kabla haijavuliwa. Kwenye kitanda cha nyuma kulikuwa na benchi mbili za mbao ngumu, mbao ile katikati ilikuwa imelika ikawa na mabonde, laini, inangʼaa kwa kukaliwa tu, kila bonde nafasi ya mtu mmoja. Keria ilikuwa ya bomba iliyochomelewa kwa mkono, na kwenye kona ya nyuma kulikuwa na kipande cha mpira wa tairi kimefungwa kwa waya, pale wanaposhikilia watu wanaoningʼinia ili chuma kisiwachome na jua. Yule fundi aliyefunga ule mpira alikuwa anajua gari hii inabeba nani. Vyote vilikwenda kwenye moto na skrepa, sababu kwenye picha za Solihull, kiwandani kwao Uingereza, havimo.

Hapo mimi ningeacha. Ningetengeneza chasisi, ningeweka breki, ningepaka dawa ya kutu kwenye ule ukuta na chini ya miguu, na benchi ningeziacha zilivyo. Keria ilifungwa kwa U-bolti, haikukata kitu, haina dhambi. Pikapu ya huku iliongezewa vitu kwa sababu ya kazi, na hivyo vitu ndivyo vinaeleza ilikuwa wapi na ilifanya nini. Ukivitoa unabaki na gari ambayo ingeweza kuwa imetoka Scotland.

Najua Wamarekani wana mjadala wao huohuo na pikapu za Chevrolet C10 na Ford F-100, wanashusha chini mpaka inalamba lami, wanaweka V8 za LS, na wanapigana vikali nani ameharibu. Ila wao wako pengine. Zile zilitengenezwa kwa wingi mno, na mpaka leo kuna viwanda vinatengeneza bodi mpya, milango mipya, sakafu mpya, unaagiza inaletwa mlangoni. Ukikata moja unaweza kuijenga upya kutoka kwenye katalogi. Na Waingereza nao spea za Series wanazo bado. Sisi tunakutana na hizo spea zikishapita bahari na ushuru, halafu Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi unauziwa feki kwa bei ya orijino. Chuma kilichokatwa huku ndio kimekatwa. Land Rover walishafikisha gari milioni moja mwaka 1976, kwa dunia sio gari adimu. Pikapu ya 109 ambayo haijachokolewa, ndani ya Arusha au Manyara, jaribu kuitafuta uone.

Hadithi ni hiyohiyo kwa Peugeot 504 pikapu za Kenya, zile zenye gia kwenye usukani. Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978 kwenye familia yake, na pikapu zake zikabeba maziwa, mboga na abiria nchi nzima. Nyingi zimewekwa injini za Kijapani, sawa, zinatembea. Lakini angalia ngapi wameng'oa ile gia ya usukani wakatoboa sakafu kwa cutting torch kupitisha gia ya chini. Tundu hilo ukishalitoboa, maji na vumbi vinaingia humo maisha yake yote.

Kuna sababu nyingine ya kubakiza angalau chache zikiwa na injini zake, na hii ni ya ufundi. Mafundi wazee wanaojua kurekebisha kabureta ya Zenith kwa kusikiliza, wanaojua tapeti za 2.25 zinapigwa ngapi bila kufungua kitabu, wanaondoka. Kijana anayejifunza leo anakuta kila Land Rover ina moyo wa Toyota, atajifunzia wapi? Siku injini ya zamani ikija, na zitakuja maana wengine bado wanazo vijijini, atasema "hii haifai, tutafute 3L," sio kwa sababu haifai, kwa sababu hajawahi kuifungua. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwenye lile tamasha, za kila rika, na watu walisimama barabarani kuzipiga picha. Mimi nilikuwa naangalia boneti zilizofunguliwa. Mkusanyiko mkubwa namna ile ungekuwa mahali pazuri pa kuweka meza moja, fundi mzee mmoja, injini moja ya 2.25 wazi, na vijana wakazunguka.

Swali ninaloulizwa sana ni je, chasisi ikiwa imeoza kabisa? Hasa zinazotoka Tanga, Pangani na Zanzibar, chumvi imekula kutoka ndani na wewe nje unaona rangi nzuri. Chasisi ya 109 ni boksi, bati nne zimechomelewa pembeni, kwa hiyo maji yakiingia ndani yanakaa. Gonga na nyundo ndogo kuanzia nyuma kuja mbele, sikiliza mlio, pale unapokuwa mfu ndipo pameoza. Kukata chuma kilichooza na kurudishia chuma kizima cha umbo lilelile siiti kukata, hiyo ni tiba. Ila fanya kweli: kata mpaka ukute chuma safi, usichomelee kiraka juu ya kutu, usijaze gundi ya bodi ukapaka rangi. Vipimo chukua kabla hujafungua ekseli, funga vyuma vya kushikilia ili isijipinde kwa joto la kuchomelea, na vile vitundu vya kutolea maji chini viache wazi, watu wanaviziba kwa rangi nene halafu wanashangaa. Ile sehemu ya mbele kulia yenye namba, hata kama jirani yake yote imeoza, ibakize, ipige picha ukiwa umesugua, na picha hiyo iweke pamoja na kadi.

Na injini uliyotoa usimpe fundi kama sehemu ya malipo. Hili nawaomba sana. Atakwambia bosi hii niachie tu itakuwa inakusumbua nafasi, na kesho block imeuzwa kwa kilo. Toa oili chafu, weka mpya, mimina oili kidogo kwenye kila silinda kupitia tundu la plagi, izungushe kwa mkono mara kadhaa kisha rudisha plagi. Manifodi ziba kwa vitambaa na gundi ya karatasi, maji yatoe yote kwenye block. Ipandishe juu ya mbao, isigusane na sakafu, funika na turubai lenye pa kupumulia. Kila baada ya miezi kadhaa nenda kaizungushe tena. Namba yake iko upande wa kushoto juu ya block, iandike nyuma ya kopi ya kadi, ili atakayeirithi gari ajue ile injini ya uani ni ya gari ipi.